Tembea, Usisimame

Rehema mwanangu,

Salamu tutapeana kesho asubuhi kwa mkono, kwa hivyo hapa naziruka. Mama yako naye amekwisha kukupa maagizo yote: blanketi, mafuta ya mwili, nani wa kumfungulia mlango na nani wa kumwacha abishe mpaka achoke. Sina la kuongeza. Nimefunga duka la kinyozi mapema leo, nimekaa kwenye kiti cha wateja mbele ya kioo, karatasi iko juu ya goti. Wewe umekwenda Ahero kumuaga bibi yako, na najua hutarudi kabla ya magharibi, maana bibi hatakuachilia bila kukuchinjia kuku. Hii ndiyo nafasi yangu.

Kuna swali lako moja ambalo sijalijibu. Uliniuliza siku ile uliporudi kutoka hospitali na picha ya mshipa wako. Ukaniuliza tena juzi ukipiga pasi. Jana ukaniuliza mbele ya mama yako, na safari hii hukucheka.

"Baba, niambie tu ukweli. Hiyo operesheni ilikusaidia ama haikukusaidia?"

Nikasema chai imepoa. Mama yako akadakia, "Mguu wa huyu ulipona zamani. Kilichobaki kuugua ni mdomo." Mkacheka wote wawili, nami nikaponea hapo. Lakini ulipoinuka kuondoa vikombe uliniambia kwa sauti ya chini kwamba ukifika Naivasha utaamua kufuatana na jibu langu. Daktari amekupa njia mbili: uvae soksi za kubana na kusubiri, au ufanyiwe. Na kazi unayoiendea ni ya kusimama kutwa nzima kwenye meza ya kuchambua maua. Kwa hivyo mguu wako umeniwekea mimi mikononi, na mimi sijui niupeleke wapi.

Nimechanganyikiwa, Rehema. Naandika ili nione kama kwenye karatasi mambo yatanyooka kuliko yalivyo kichwani.

Mguu wangu wa kulia uliharibika polepole, ndiyo maana sikuuona. Kinyozi husimama. Nilianza kusimama kabla hujazaliwa, kichwa baada ya kichwa, na jioni mguu ulikuwa mzito kiasi kwamba kuvua kiatu ilikuwa kazi. Mishipa ikaanza kuchomoza kwenye paja na nyuma ya goti, ikajipinda pinda, nikawa navaa suruali ndefu na maneno yakaisha. Baadaye ngozi juu ya kifundo ikawa nyeusi na ya kuwasha. Siku moja nikajigonga kwenye mguu wa kiti hiki hiki nilichokalia, mchubuko mdogo tu, na mchubuko ule ukakataa kufunga.

Kidonda hicho unakijua, umekua nacho. Wewe ndiye uliyekuwa unaleta maji ya chumvi. Kila mtu mjini alikuwa na dawa yake: asali, unga wa mizizi kutoka soko la Kibuye, vidonge vya duka la dawa, hata majani ambayo shangazi yako wa Mamboleo alikataa kuyataja jina. Vyote nilivitumia, na vingine kwa pamoja. Kinafunga kidogo, tunashukuru, kinafunguka. Tulikuwa tunapangusa sakafu huku bomba linavuja juu, na hakuna aliyeinua macho, mimi wa kwanza.

Daktari aliyeinua macho alikuwa kijana, mdogo kuliko suti yake. Alinieleza kwamba ndani ya mshipa kuna vilango vidogo. Damu ikipanda kurudi moyoni, vilango vinafunga nyuma yake isianguke. Vyangu vilikuwa vimelegea. Damu inapanda, inashuka, inalala mguuni, na ngozi ya chini inachoka kuibeba. Akasema kidonda hakina kosa, kosa ni la ule mshipa mrefu wa upande wa ndani wa mguu, na unatakiwa utolewe. Nikamuuliza, nikitolewa mshipa damu itapita wapi? Akasema mishipa mingine iko ndani zaidi, ndiyo inayobeba kazi kubwa. Nikaitikia kama mtu aliyeelewa.

Habari zikatoka kwamba Baba Rehema anakwenda kufanyiwa operesheni ya mshipa. Na hapa kwetu ukisema mwanamume ana mshipa, watu hawafikirii mguu. Wanaume wa mtaa wetu wa Kaloleni wakawa wananipa mkono wa pole huku wakitazama chini, na mmoja, simtaji maana bado namnyoa, aliniletea papai akaninong'oneza kama nitaweza kupata mtoto mwingine. Nikapandisha suruali nikamwonyesha paja. Akasema, "Kumbe ni hiyo tu?" Akaondoka amechukia, kama niliyemdanganya.

Wodini nililazwa karibu na Mwalimu Okelo wa Kisian. Yeye alikuwa amestaafu baada ya kusimama mbele ya ubao maisha yake yote, na mguu wake ulifanana na wangu kama ndugu. Tulikuwa na daktari mmoja, siku moja, chumba kimoja. Nakuomba ulishike hilo, maana ndilo linalonivuruga akili hadi leo.

Operesheni yenyewe siwezi kukutisha nayo. Walinichoma sindano ya mgongoni, kuanzia kiunoni kwenda chini nikawa sina kitu. Nilikuwa macho. Nilisikia wakizungumzia mpira. Walinikata kidogo kinenani na kidogo chini ya goti, halafu nikahisi kuvutwa tu, bila maumivu, kama mtu anayetoa kamba kwenye pindo la suruali. Nilipotolewa mguu ulikuwa umefungwa bandeji kutoka vidole hadi pajani. Nililia kidogo. Si kwa uchungu, nilikuwa nimeona mguu wangu ukiinuliwa na watu wengine na mimi sijui kama ni wangu.

Siku ya kuruhusiwa, Sista Akinyi, muuguzi wa wodi, alikuja kutupa maelekezo. Yule alikuwa mtu wa haraka, anazungumza akiwa tayari amegeuka kwenda kitanda kingine. Alinipiga begani akasema:

"Mzee, hii mguu inataka kutembea. Ukifika nyumbani unatembea tu. Usisimame."

Basi.

Mwanangu, hebu yasome maneno hayo kama mtu aliyetoka kukatwa, mwoga, anayetaka kutii kila kitu. Tembea. Usisimame. Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili. Yeye alimaanisha nisikae wima mahali pamoja kama kinyozi. Mimi nilisikia kwamba nikishaanza kutembea nisitue. Nikadhani damu ikikuta miguu imetua itaganda palepale.

Mwalimu Okelo alisikia pia, akacheka. "Omera," akaniambia, yaani ndugu yangu kwa Kijaluo, "mtu amekatwa halafu atembee? Mimi nitalala mpaka hii mguu isahau jina yangu." Na nyumbani kwake kila aliyemtembelea alimwambia hivyo hivyo: pumzika, Mwalimu, umefanya kazi ya kutosha. Wakamletea samaki kitandani. Kwetu pia walikuja na pumzika yao, ila mimi nilikuwa nawajibu nikizunguka sebule. Mama yako alisema kumpikia mtu wa namna ile ni sawa na kumpikia nzi.

Siku ya mwendo mrefu unaikumbuka, ingawa kila ukiisimulia unaongeza. Nitaisema ilivyokuwa. Nilitoka baada ya chai, nia yangu kufika kona na kurudi. Pale msikitini nikakutana na watu wangu, wakaninyooshea mikono, nami nikapita katikati yao nikisema waalaikumu salaam bila kutua. Nikasikia mmoja akisema hao madaktari wamemgusa kichwa. Nikaona aibu kurudi njia ile ile. Nikaendelea. Nikashuka hadi karibu na ziwa, nikashika barabara ya Busia. Kila nilipotaka kupumzika nilimwona Sista Akinyi. Mwendesha boda alinifuata akiniuliza nani ananikimbiza. Palipokuwa na magari mengi sikuweza kuvuka, kwa hivyo nilipiga miguu palepale ukingoni, kama askari, mpaka njia ikafunguka. Wanawake waliokuwa wakiuza dagaa wa omena wakaacha kuuza.

Wewe ulikuwa bado shule ya upili, umevaa sketi ya shule. Mama yako alikutuma. Ulinikuta nimekaribia Kisian, jasho linanitoka, bandeji imeanza kulegea. Ulitembea kando yangu kwanza. Halafu ukauliza ninakwenda wapi. Nikasema siendi mahali, nimeambiwa nisisimame. Ukanitazama. Nikaona maana inakuingia polepole, uso ukabadilika, ukashika tumbo ukacheka mpaka ukachuchumaa pembeni mwa barabara. Mimi nikakuzunguka. Halafu ukafuta macho, ukanishika mkono kwa mikono yako miwili.

"Baba," ukasema, "simama."

Nikasimama. Sijawahi kumtii mtu haraka hivyo. Tulikaa kwenye benchi ya duka, ukaniinulia mguu ukauweka juu ya mkoba wako wa vitabu, ukafunga bandeji upya kuanzia vidoleni kwenda juu kama ulivyoona wakifanya. Ulikuwa unacheka na kulia pamoja. Ukanieleza neno la Sista kwa utaratibu, kama unamfundisha mtoto kusoma. Nilijiona mjinga kabisa, na nilikuwa na furaha, na sikujua kwa nini viwili hivyo vimekuja pamoja.

Hapo ndipo hadithi yako huishia, na watu hucheka. Ila haikuishia hapo.

Tuliporudi kliniki mguu wangu ulikuwa safi. Kidonda, ambacho kilikuwa kimekula ujana wako wote, kilikuwa kimeanza kuota ngozi mpya pembeni. Sista Akinyi alipopata habari za safari yangu alikaa chini kwa kicheko. Kisha akaniambia Mwalimu Okelo amelazwa tena. Damu ilikuwa imeganda katika mmoja wa ile mishipa mingine ya ndani zaidi, kwenye shavu la mguu. Mguu ulivimba ukang'aa. Walimwahi, ashukuriwe Mungu, donge lisipande kifuani, na akaanzishiwa dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi. Lakini mguu ule haujawa mguu tena. Jioni unajaa, na anauinua juu ya kiti kama mgeni wa heshima.

Nilimwendea daktari. Nilitaka kusikia kwamba mimi nimepona kwa sababu nilitembea na Okelo ameumia kwa sababu alilala, ili nijue cha kumwambia mtu. Daktari alikuna kichwa. Akasema huenda. Kulala kunaongeza hatari, akasema, lakini kuna wanaolala wasipatwe na lolote, na kuna wanaotembea damu ikaganda hivyo hivyo. Akasema pia kwamba matembezi yangu ya Kisian hayakuwa ya busara, yangeweza kufungua kidonda cha kinenani. Basi ni nini kilichoniponya, nikamuuliza, kisu, bandeji, au ujinga? Akasema, "Mzee, mimi nafurahi tu umepona." Nilimkasirikia sana siku ile. Leo naona alikuwa mkweli kuliko mimi hapa na chai yangu iliyopoa.

Sasa, mguu wangu ukoje? Kidonda kilifunga na hakijafunguka tena. Hilo ni kubwa, usilipuuze. Hujui ilivyo kukaa kwenye mkeka msikitini bila kuogopa kwamba wenzako wanasikia harufu. Ule uzito wa jioni ulikwisha. Lakini upande wa ndani, juu ya kifundo, hapana hisia. Mama yako aliwahi kuniwekea chai ya moto hapo kwa bahati mbaya nikaendelea kuzungumza. Wanasema kuna uzi wa fahamu unaopita jirani na mshipa, na ukivuta mmoja wa pili unaweza kuumia. Na mwaka uliopita nimeona vijishipa vipya vimechomoza karibu na goti. Nilivificha wiki nzima kwa hofu kwamba vyote vimerudi. Daktari akasema walitoa njia mbovu, lakini mwili wangu una tabia ya kutengeneza njia mbovu, na tabia haitolewi kwa kisu. Mguu wa kushoto, ambao haujaguswa, hauniumi hata kidogo. Nieleze wewe uliyesoma.

Tena nawe umeniambia kwamba siku hizi kuna mahali hawauvuti mshipa, wanauchoma kwa ndani kwa waya, mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa hivyo hata hiki ninachokijua huenda si kitu unachokiendea. Nakupa ramani ya mji uliobomolewa.

Leo asubuhi, ulipokuwa unafunga sanduku, nikasema nakwenda kununua wembe. Nilidanganya. Nilikwenda Kisian kwa Mwalimu Okelo. Nilifikiri, huyu ndiye atakayeniokoa: atasema usimruhusu binti yako kuguswa, nami nitakuletea jibu moja lililonyooka. Nilimkuta kibarazani, mguu juu ya kiti. Nikamwambia Rehema ana mshipa kama wetu na ananiuliza. Nikamuuliza kama angerudishwa nyuma angefanya tena.

Mke wake akaacha kuchambua mboga ili asikie.

"Ningefanya," akasema. "Kile kidonda yangu nayo ilifunga, omera, hiyo hakuna mtu anauliza. Lakini singekaa peke yangu na wale watu wa pumzika. Wewe ulikuwa na hiyo msichana. Mimi kila mtu alikuwa ananipenda akiwa amekaa."

Nimerudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Aliyeumia anasema angefanya tena. Na mimi niliyepona, nikijiuliza swali hilo hilo usingizini, siku nyingine nasema ndiyo, siku nyingine naugusa mguu pale pasipo hisia nasema hapana.

Basi jibu langu ni hili, na najua si uliloomba. Ilinisaidia. Haikunisaidia yote. Sijui kama ingekusaidia wewe, na mtu yeyote atakayekuambia anajua, hata akiwa mimi, mwulize tena kesho yake. Mwulize daktari mambo ambayo mimi sikuuliza kwa kuogopa kuonekana mshamba: ganzi, damu kuganda, kurudi kwa mishipa. Neno usilolielewa mrudishie alieleze, hata kama amekwisha geuka kwenda kitanda kingine. Mimi ningemwita Sista Akinyi mara moja tu, nikasema sista, kusimama kupi, watu wa Kisumu wangekosa kichekesho chao na mimi ningelala nyumbani.

Kitu kimoja tu ndicho ninachokijua bila kuyumba. Ukichagua kisu, unipigie kabla. Sitakuuliza kwa nini umechagua hivyo. Nitafunga kinyozi, nitapanda gari nije Naivasha, na siku watakapokuambia utembee nitatembea kando yako, hata kama ni kuzunguka kitanda. Wakija watu wa pumzika nitawanyoa wote. Na tutakwenda mpaka wewe mwenyewe useme, Baba, simama. Ukichagua soksi na kusubiri, nitakuja pia, tutembee bila sababu.

Sauti ya mama yako naisikia nje, anamwambia jirani kwamba nimejifungia na kioo. Nitaikunja barua hii niitie kwenye kiatu chako kimoja cha kazi, cha mguu wa kulia, ili uikute ukianza kuvaa.

Utaisoma hii baadaye, lakini kesho pale steji usinikasirikie. Wenzako wataagwa na wazazi waliotulia dirishani, wamenyoosha mkono mpaka gari litoke. Mimi utaniona nazunguka, mara kwa wauza maji, mara nyuma ya gari, mara sipo. Mama yako atasema nina wazimu wa Kisian. Mwache aseme. Mguu hautaniuma kesho. Ni kwamba nikisimama tu, Rehema, nitalia.

Baba yako